Siku nilimsomea yaya kitabu chenye kusema juu yake



Karibu mwezi mmoja umepita tangu mtu aliuliza hapa: kama mtu amemaliza chuo na anataka kusoma vitabu vya mambo ya kweli, si riwaya, juu ya teknolojia, jamii, media na imani, aanzie wapi? Mimi nilijibu haraka, na kiburi kidogo, kwamba nitaleta liste. Liste nilikuwa nayo. Lakini nilipoanza kuiandika vizuri, kuna jambo lilinizuia, na jambo lenyewe lilitoka kwa yaya wangu, ambaye hajasoma hata kimoja kati ya vitabu hivyo. Kwa hiyo hii si liste tena. Na ni ndefu. Mwenye mega kidogo asome nusu leo, nusu kesho.

Nianzie kwa papa mmoja anayeuza vitabu katikati ya mji, hapa Lubumbashi. Anatandika plastiki chini, anapanga vitabu kwa mistari. Mstari wa kwanza: namna ya kuwa tajiri, namna ya kuongoza watu, tabia za wale waliofanikiwa. Mstari wa pili: maombi ya usiku, maombi ya kufungua ndoa, kuvunja minyororo ya ukoo. Mstari wa tatu: Word, Excel, namna ya kuuza kwenye intaneti, vyote vya miaka iliyopitwa. Nyuma kabisa, karibu na mfereji, anaweka vile anaviita vya ba-professeurs. Nilimuuliza juu ya nini anaviweka kule. Akaniambia: "Mwana wangu, bile bitabu habileteke bukari. Binakaaka tu." Lakini njo mule nilipata Ellul, kwa bei ya sahani moja ya bukari na samaki.

Ukiangalia ile plastiki unaweza kusema: oneni wingi! Teknolojia iko, jamii iko, imani iko. Mimi nilisema hivyo miaka mingi. Mstari wa kwanza niliusoma karibu wote nikiwa G1 na G2, na sitaucheka, ulinisaidia kuamka saa kumi na moja alfajiri. Lakini siku moja niligundua kwamba vyote vinasema kitu kimoja kwa sauti tofauti: shida yako iko ndani yako, na ufunguo pia uko ndani yako. Cha biashara kinasema hivyo, cha maombi kinasema hivyo, hata kile cha kuuza kwenye intaneti. Rangi za jalada ni nyingi, mawazo ni moja. Tangu siku hiyo nilianza kushuka upande wa mfereji.

Jacques Ellul alikuwa profesa wa historia ya sheria kule Bordeaux, Ufaransa. Alizaliwa 1912, akafa 1994, na alikuwa Mprotestanti wa kweli kweli, mwenye kuandika vitabu vya Biblia mkono wa kushoto na vitabu juu ya teknolojia mkono wa kulia. Mwaka wa 1954 alitoa La Technique ou l'enjeu du siècle. Bon, ni kitabu kigumu. Kinazunguka. Kuna kurasa unahisi kama mzee anakugombeza bila kukuambia umekosa nini. Lakini wazo lake moja linalipa bei yote. Anasema technique si mashine. Mashine ni mtoto wake tu. Technique ni ile tabia ya kutafuta, kwa kila jambo la maisha, njia moja inayoshinda zingine zote kwa haraka na kwa matokeo. Na njia hiyo ikishapatikana, mtu anadhani bado anachagua, kumbe kuchagua kumekwisha.

Soma hilo, halafu rudi kwenye mstari wa pili wa yule papa. Hatua saba za hiki, funguo kumi na mbili za kile. Sala imekuwa mashine: unaweka saa tatu za usiku, inatoa visa. Katika kikundi kimoja cha maombi nilichokuwamo, tulifika kuchora tableau ya saa za kufunga, kila mtu na jina lake, na wa mwisho anaitwa mbele. Mimi niliitwa mara mbili. Wakati ule nilidhani ni bidii ya kiroho. Ellul ndiye alinifundisha kwamba ilikuwa usine. Na alinifundisha akiwa mtu wa imani, si mtu wa kucheka imani, ndiyo maana ilinichoma.

Kasoro yake? Nilisoma kitabu chote na sikukuta shimo la migodi hata moja lenye uzito. Fikiria: 1954! Wakati huo Union Minière, iliyoanzishwa 1906, ilikuwa inapanga maisha ya watu katika mji huu, ukiitwa bado Elisabethville: nyumba, posho, hospitali, shule ya watoto, vyote vimehesabiwa ili kazi itoke vizuri. Uranium ya Shinkolobwe ilikuwa imekwisha kuingia katika bomu la Hiroshima, 1945. Kama kuna mahali technique ilionyesha uso wake bila poda, ni hapa Katanga. Mzee wa Bordeaux aliona mfumo wote wa dunia lakini udongo chini yake hakuuangalia. Shikeni neno hilo, nitalirudia.

Wa pili ni Neil Postman, Mmarekani, aliyefundisha New York na kufa 2003. Kitabu chake cha 1985, kwa Kifaransa kinaitwa Se distraire à en mourir, kinapita kwenye simu za wanafunzi kwa PDF, nadhani wengi wenu mnacho na hamjakifungua. Kifungueni. Ni rahisi na kinachekesha.

Postman hasemi televisheni ni mbaya kwa sababu inaonyesha upuuzi. Upuuzi haumsumbui. Kinachomsumbua ni televisheni ikitaka kuwa ya maana: ikitoa habari, ikifanya siasa, ikihubiri. Kwa sababu chombo, anasema, si bomba tupu. Chombo kinaamua ni maneno ya aina gani yanaweza kupita. Habari ya mauaji inafuatwa na muziki halafu sabuni, na akili inazoea kwamba hakuna jambo lenye kudumu zaidi ya dakika moja. Ana sura nzima juu ya wahubiri wa televisheni za Marekani. Hoja yake ni kwamba kwenye kioo, mhubiri anakuwa mkubwa na Mungu anakuwa mdogo, kwa sababu kamera inajua kuonyesha sura ya mtu na haijui kuonyesha kitu kingine. Na mtu anatazama akiwa jikoni, na kijiko mkononi, bila mahali pa kuvua viatu.

Niliposoma sura hiyo nilicheka peke yangu ndani ya taksibisi. Jumapili iliyotangulia mchungaji mmoja alihubiri saa nzima dhidi ya simu, kwamba ni mlango wa giza. Mahubiri yalirushwa moja kwa moja kwenye simu, na mwishoni alituomba tuweke "j'aime" na kupartajia marafiki. Hakuna aliyeona kitu. Mimi pia sikuona kitu, niliweka "j'aime". Ilinibidi Mmarekani aliyekufa zamani anionyeshe.

Lakini hapa sasa ndipo ninaachana na Postman, na ninaomba ba-assistants wa communication mnivumilie. Dawa yake yote imekaa juu ya zamani moja nzuri: Marekani ya watu wa kusoma, ambako 1858 Lincoln na Douglas walijadiliana saa tatu mbele ya umati, na umati ukasikiliza, kwa sababu kitabu na gazeti vilikuwa vimefundisha masikio yao. Kwake yeye, kabla ya picha kulikuwa na karatasi, na karatasi ilikuwa akili.

Sisi karatasi hiyo hatukupewa. Kongo ilipata uhuru 1960 ikiwa na wenye diploma ya chuo kikuu chini ya 30. Wazee wetu hawakuhama kutoka kitabu kwenda televisheni. Walihama kutoka baraza kwenda radio, na watoto wao kutoka radio kwenda simu. Je, basi hawakuwahi kuwa na mazungumzo ya maana? Nenda kaseme hivyo kwa mama yangu. Mama anasikiliza Radio Okapi tangu ianze, 2002, na ile emisyo ya Dialogue entre Congolais hasikilizi tu, anajibu. Anamkatiza waziri. Anamwambia "Hapana, papa, ulisema ingine wiki ilipita", akiwa anachambua lengalenga. Mwezi uliopita mjomba alituma odyo ya dakika kumi na moja juu ya shamba la babu: alisalimia kila mtu kwa heshima yake, alieleza historia, alileta hoja, alijibu pingamizi za upande mwingine kabla hazijasemwa, halafu akafunga. Kama hiyo ni kujifurahisha mpaka kufa, basi sijui hoja ni nini.

Nasema hivi si kwa kusifia kila kitu kinachosemwa kwa mdomo. Radio trottoir imeua watu kwa jina, na tunajua odyo za uongo zinavyotembea usiku mji ukiwa na wasiwasi. Ninachosema ni kwamba Postman amepima kila kitu kwa kipimo cha karatasi, na kwa kipimo hicho mama yangu anakosa akili. Kipimo kikisema hivyo juu ya mama yangu, kipimo ndicho kibovu. Nusu ya kitabu chake ninaishika kwa mikono miwili. Nusu ingine namrudishia.

Cha tatu nitapita haraka, si kwa ubaya. Katrien Pype, Mbelgiji, 2012, The Making of the Pentecostal Melodrama. Ni utafiti juu ya vikundi vya vijana wa Kinshasa waliokuwa wakitengeneza tamthilia za televisheni: mchawi ndani ya nyumba, binti aliyepotea, mchungaji anayekuja mwishoni kufunua yote. Tumezitazama wote, msijifanye. Sisi wasomi tulikuwa tunasema ni takataka. Pype alikaa nao, akafuatana na waigizaji katika kazi na katika sala, na anachukua kwa uzito yale wanayoamini: kwamba picha ina nguvu, kwamba kuigiza mchawi si mchezo, kwamba mtazamaji anaweza kuguswa kweli. Kitu ambacho Postman hakuwahi kufikiri kinawezekana, watu wa Kinshasa walikuwa wanakifanya kila jioni: wanajua kioo ni hatari, na wanaomba kabla ya kukiwasha. Nilikiheshimu sana kitabu hiki. Ila kiko kwa Kiingereza cha ba-anthropologues, na bei yake mpya inalipa kodi ya chumba. Waliosemwa ndani yake hawawezi kukinunua wala kukibisha. Hilo nalo mlishike.

Sasa tufike kwa yaya.

Mwaka wa 2023 Siddharth Kara alitoa Cobalt Red. Mwaka wa 2024 kilikuwa kati ya vile vilivyofika mwisho kwa zawadi ya Pulitzer, huko Marekani. Kinasema juu ya kobalti, na mnajua, karibu 70 kwa mia ya kobalti ya dunia inatoka kwetu, na inaingia katika batri za simu, kompyuta na magari ya umeme. Kara anaanzia hapa Lubumbashi, anapita Kipushi, Likasi, Kambove, Fungurume, mpaka Kolwezi, kwa njia ile ile basi zetu zinapita. Kilikuwa kitabu cha kwanza cha dunia juu ya teknolojia ambacho ndani yake nilikuta majina ya vituo ambako nimekula mahindi ya kuchoma.

Yaya wangu alichimba Kolwezi miaka minne. Alianza nikiwa G1. Minerval yangu ya G2, ya G3, na ya mwaka wa kwanza wa lisansi, ni yeye. Kwa batu ba promosyo nilisema yaya iko mu commerce. Mkifungua TFC yangu, ukurasa wa shukrani, mtakuta Mungu, halafu professeurs watatu na majina na vyeo vyao, halafu mwishoni kabisa mstari mmoja: kwa kaka yangu, kwa ajili ya msaada wake wa kiroho. Msaada wa kiroho! Alikuwa anatuma pesa. Niliandika hivyo kwa sababu niliona aibu ya neno creuseur kwenye ukurasa wenye cachet ya chuo.

Sasa mgongo wake umeharibika. Alikuja kwangu siku chache juu ya kupiga radiografi, na usiku, bila umeme, nilimsomea Kara kwenye simu. Nilikuwa nasoma Kiingereza kimya, halafu nasema kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi. Usiku wa kwanza alinyamaza, alikuwa anasema tu "mm". Tulipofika kwenye depo, pale wachimbaji wanauza, akaamka akakaa. "Pale anasema kweli. Ile metorex ya mu depo, inasema kenye patron anapenda. Depo moya inasema tatu, unabeba saki yako, depo ingine inasema tano. Na kilo nayo inapotea mu njia." Alifurahi kwamba kuna mtu amepanda ndege kuja kuona wizi wa mizani. Alisema tena na tena: iandikwe, iandikwe.

Usiku wa pili tulisoma juu ya vifo. Mashimo yanayoporomoka, wazazi wanaolilia watoto. Nilikuwa ninasoma kwa sauti ya chini, nikidhani ninamuumiza. Yeye akaniuliza: "Huyu bwana, hakutukuta tunakula? Hakutukuta tunacheka hata siku moya?" Nikamwambia bado kurasa ni nyingi. Tukaendelea. Baada ya muda akasema, bila hasira: "Kumbe mu kitabu yake, mutu anaingiaka tu wakati anaumia."

Halafu ni yeye aliyeanza kusimulia, na simu nikaiweka chini. Timu yao ilikuwa ya watu wanane. Walikuwa na likelemba, na pesa ya likelemba ndiyo ilinunua pikipiki ya kwanza ya mmoja wao, na sehemu yake ndiyo ilikuwa minerval yangu. Walikuwa na sheria: mtu aliyegombana na mke wake asubuhi hashuki. Mmoja alikuwa katekista. Kabla ya kushuka alisoma Neno kwenye mlango wa shimo, alfajiri, kwa mwanga wa simu. Walikuwa na mjadala usiokwisha kama kuchimba bila ruhusa katika eneo la kampuni ni wizi au la, na katekista alikuwa upande wa "ni wizi", na alishuka vilevile, na kila Jumapili aliungama. Mambo haya yote, teknolojia, jamii, hata ile imani Ellul aliyoitetea, yalikuwa yamesimama pale kwenye mlango wa shimo moja, na vitabu vyangu vinne vilipita kila kimoja na njia yake.

Ninataka niwe wa haki kwa Kara. Kuna watafiti, Wakongo na wageni, waliomkosoa vikali: kwamba anarudisha ile picha ya zamani ya Afrika ya giza na mateso, kwamba watu wanatoa machozi na yeye anatoa maelezo, kwamba kazi ya Wakongo waliotangulia kuchunguza haionekani vya kutosha. Nakubaliana nao, na yaya, bila kuwasoma, alikubaliana nao kwa sentensi moja. Lakini kuna ndugu kati yetu wanaosema basi kitabu kitupwe. Hapana. Kara anaonyesha wazi jambo ambalo kampuni kubwa hazipendi lisikike: kwamba kobalti ya mikono na kobalti ya mashine zinachanganyika njiani, na hakuna anayeweza kusimama mbele ya dunia na kusema yangu ni safi. Ukitupa kitabu kwa sababu mwandishi ana macho ya mgeni, wenye kufurahi si wachimbaji.

Na mimi nina mdomo gani wa kumhukumu? Kara alimweka yaya katika kitabu akiwa anaumia. Mimi nilimweka katika kitabu akiwa hayupo. Yake iko na kobalti bila likelemba. Yangu ilikuwa na likelemba bila kobalti. Nilikaa na wazo hilo siku nyingi na sikulipenda.

Kuna jambo lingine ambalo msomaji wa Kara hawezi kulijua juu ya Kolwezi. Miaka ya 1950, katika kambi za wafanyakazi wa migodi ya huko, ilizaliwa Jamaa, ule mwendo wa Wakatoliki wanandoa uliotokana na Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji, yule yule wa La philosophie bantoue, kitabu kilichotoka kwa Kifaransa hapa Elisabethville 1945. Watu wa migodi walikaa usiku wakizungumza kwa Kiswahili juu ya uzima, uzazi na upendo, kwa kina ambacho Johannes Fabian aliandika kitabu kizima juu yake, 1971. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, aliyefundisha hapa kabla ya kwenda Marekani, alimbishia Tempels kwa ukali, na sawa. Lakini angalieni: mtu wa mgodi wa Kolwezi ameshakuwa mtu wa mawazo, katika vitabu, tangu zamani. Kilichotokea ni kwamba kitabu cha imani kilichukua mawazo yake kikaacha mkono, na kitabu cha teknolojia kikachukua mkono kikaacha mawazo.

Baada ya yaya kurudi Likasi, nilitafuta kitu kingine. Nilikuwa nimesikia jina lake tu zamani kwenye kozi: Vocabulaire de ville de Elisabethville. Jina linadanganya, si kamusi. Ni historia ya mji huu, iliyotolewa 1965 na chama cha waliokuwa maboyi, yaani watumishi wa nyumbani wa wazungu, ikaandikwa na André Yav kwa Kiswahili cha hapa hapa. Inaanza na kuja kwa Wabelgiji, inapita vita, mishahara, namna boyi alivyoishi na bwana wake. Fabian aliitoa tena 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na iko kwenye intaneti bure.

Maandishi yake ya kwanza yalikuwa magumu sana: maneno yameshikana, herufi za kila namna. Hata wataalamu walikwama. Iliyowasaidia ni kwamba Mkongo mmoja wa Lubumbashi, Kalundi Mango, aliisoma kwa sauti, na ikisikika ikaeleweka. Nilipojua hilo nilimkumbuka Postman na karatasi zake. Hapa kuna kitabu cha jamii ambacho ukikitazama ni fujo, ukikisikia ni hotuba ya mzee mwenye akili zake zote.

Sitasema ni kizuri kila mahali. Tarehe zinachanganyika, wafalme wanapandana, kuna malalamiko yanayorudi mara tano. Mwalimu wa méthode angeitia wino mwekundu kuanzia ukurasa wa kwanza. Lakini kina kitu ambacho hamna katika Ellul, wala Postman, wala Pype, wala Kara: mwenye kusema na mwenye kusemwa ni mtu mmoja. Na walikuwa chama. Watu wa kupika na kufua walikutana, wakasema historia yetu itapotea, wakatafuta mwenye mashine ya kuandika. Sisi pia ni chama. Tuko na kompyuta na diploma, na kwenye page hii, niliangalia, tangu ianze tumeandika juu ya CV, juu ya bursa, juu ya namna ya kujibu interview. Nami ni kati ya walioandika.

Nilimtumia yaya odyo nikimsomea kurasa za kwanza za Yav. Hakuniuliza maana ya neno hata moja. Alijibu: "Huyu anasemaka kama baba." Halafu akaniuliza kama hao maboyi walikuwa na lisansi. Nikamwambia hapana. Akacheka sana.

Siku tatu baadaye alituma odyo ya dakika kumi na nne. Anaanzia asubuhi aliyopanda lori kwenda Kolwezi, na kitu mama alimfungia ndani ya kitenge. Ninaiandika jioni, kidogo kidogo. Sibadilishi mu kuwa katika, na njo naiacha njo. Niko dakika ya sita. Kuna neno wanalotumia kwa ile kamba ya kushukia, nimesikiliza mara kumi na sijui niliandikeje. Wenye kutoka Kolwezi, muniambie hapo chini.